Nani wa Kumbishia Hodi?

Wajukuu zangu, sogeeni niwasimulie habari za Nyakatoke, kijiji cha Wahaya mkoani Kagera. Mwaka 2000 kilikuwa na kaya 119. Mtafiti wa uchumi, Joachim De Weerdt, aliwauliza watu wazima wa kaya zote: ukipatwa na shida, unamtegemea nani? Na nani anakutegemea wewe, kwa fedha, kwa vitu au kwa nguvu za mikono?

Mtasema, majina ya watu waliotajwa yanahusianaje na uchumi? Tazameni maisha ya mkulima wa huko. Ndizi za kibanjani, yaani shamba la nyumbani, huliwa mwaka mzima, lakini fedha ya kahawa huja kwa msimu. Maradhi hayangoji msimu. Mtoto akishikwa na homa kali kahawa ingali mbichi, baba atafanyaje? Anaweza kuiuza hukohuko mtini kwa bei ya hasara. Kagera biashara hiyo inaitwa butura. Mavuno yakifika, jasho ni lake, faida ni ya mwingine. Lakini akiwa na shemeji wa kumbishia hodi usiku huo, akakopeshwa bila riba wala karatasi, kahawa yake imesalimika, na ada ya shule pamoja nayo.

Majina yalipokusanywa, ilionekana kwamba watu hutegemeana zaidi wakiwa ndugu, wakikaa karibu, au wakiwa wa ukoo au dini moja. Likaonekana na jambo linaloniuma: maskini walikuwa na watu wachache kuliko wenye nacho. Na si kwamba hawapendwi! Kukopeshana kunataka nawe uwe na cha kurudisha, na kwenye chama cha kuzikana kila mtu hutoa mchango wake. Asiye na kitu huona haya, akajitenga taratibu.

Sasa sikilizeni upande mwingine. Wakulima wa ndizi hupeana machipukizi na kuazimana visu, bure, kwa upendo. Ulipoingia mnyauko wa migomba, ambao Kagera wanauita unyanjano, ulipita njia hizohizo: kisu kilichokata mgomba mgonjwa kikaenda kukata mzima kwa jirani. Hata hivyo dawa haikuwa kununiana. Elimu nayo ilipita kwa majirani: ng'oeni mgomba mgonjwa, safisheni kisu kwa moto au dawa, na ua dume livunjeni kwa kijiti chenye panda, msilikate kwa kisu. Aliyeambiwa mapema aliokoa kibanja. Aliyekaa peke yake alichelewa kusikia.

Ndiyo maana nawaomba, ninyi mtakaokuwa mabwana shamba, wauguzi na viongozi wa vijiji: mkifika kijijini na mbegu, mikopo au habari njema, msiishie kwa wale wanaojulikana na kila mtu. Ulizeni ni nyumba gani haikutajwa na wengi, mwanzie huko.