Nani Atamuoa Binti Anayecheza Raga?

Kuna swali ambalo mtoto wa kiume hataulizwa hata acheze mchezo gani. Avunjike mguu kwenye ndondo za mtaani, apasuke nyusi kwenye ngumi, atafungwa bandeji na kuambiwa pole mwanangu. Ila binti akitaja tu mchezo wa kugongana, swali linamfikia kabla hajamaliza kusema: sasa nani atakuoa?

Swali hilo limetua kwenye ukoo wetu hapa Dodoma, na mimi ndiye nililolipokea mlangoni, maana kwetu ndoa ya mtoto wa kaka haipiti bila shangazi kuulizwa.

Binti mwenyewe anasoma chuo Nairobi. Alikwenda kule akiwa haijui raga hata kwa picha. Ni mtoto mwenye mwili, bonge kama wanavyosema, na tangu sekondari alikuwa anakaa pembeni wenzake wakicheza netiboli kwa kuogopa kuchekwa. Kule Nairobi dada mmoja wa mwaka wa tatu akamtazama kuanzia juu mpaka chini, akamwambia, "Wewe ndiye tunayekutafuta." Jamani! Hebu fikiria umefika miaka 20, na ndiyo mara ya kwanza mtu kukwambia umbo lako linahitajika mahali.

Na kweli linahitajika. Raga ya timu kamili ina wachezaji 15 kila upande. Wale wa mbele wanaosukumana wanatakiwa wazito. Wanaorukia mpira unaporushwa kutoka nje wanatakiwa warefu. Anayeuchomoa mpira chini ya miguu ya wenzake mara nyingi ni mfupi mwepesi kama panya, na wa pembezoni kazi yao ni mbio. Isitoshe, wanawake hawakupunguziwa kitu: kiwanja kilekile, mpira uleule, dakika 80 zilezile, na kuangushana kulekule. Netiboli niliyocheza mimi shuleni hata kumgusa mwenzako ilikuwa kosa.

Basi likizo ya Desemba binti akashuka kwenye basi na jicho limevilia damu. Mama yake, wifi yangu, alipiga yowe mpaka majirani wa Nkuhungu wakatoka nje. Mchumba naye akapata habari. Ni kijana mzuri tu, msomi, anafanya kazi ofisi moja kule Mtumba, na washenga wake walishafika kuulizia idadi ya ng'ombe. Akatuma ujumbe mfupi: achague, mimi au huo mpira.

Nilimwita tukanywa soda karibu na Nyerere Square. "Shikamoo shangazi," akasema kwa adabu zote, halafu akashusha sababu zake. Atakuwa na mwili wa kiume. Kizazi kitaharibika. Na wenzake ofisini watamcheka.

La mwili nilicheka kwanza. Kwetu Ugogo ngoma ya muheme wanapiga wanawake, tena wameibana katikati ya mapaja, na sijasikia mwanaume akilalamika kwamba mkewe amekakamaa mikono kwa kupiga ngoma. Mwanamke anayebeba ndoo ya maji kichwani kutoka bombani haulizwi habari za misuli. Misuli inakuwa tatizo pale tu anapoipata kwa raha zake.

Nikamwonyesha kwenye simu picha za Ilona Maher wa Marekani, ambaye mwaka 2024 alipata medali ya shaba kwenye raga ya wachezaji saba katika Olimpiki ya Paris. Dada huyu anasema waziwazi kwamba uzito wake ni kama kilo 90, anaingia uwanjani na lipstiki mdomoni, na wanaomwita dume anawajibu mwenyewe mitandaoni. Mwaka huohuo alipamba jalada la toleo la mavazi ya kuogelea la Sports Illustrated. Kijana akaitazama ile picha kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyotarajia.

La kizazi nalo lina jibu. Abbie Ward wa Uingereza alijifungua Julai 2023, akarudi uwanjani baada ya wiki 17, na mwaka 2025 alikuwa kwenye kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia. Mapema mwaka 2023 chama chao cha raga kilikuwa kimeweka utaratibu wa wachezaji wa kike wa timu ya taifa kupata wiki 26 za likizo ya uzazi kwa malipo kamili. Ni waajiri wangapi unaowajua wewe wanaotoa hizo?

Sitakudanganya lakini. Kichwa ndicho cha kuogopwa kwenye raga, kuliko hilo jicho. Mtu akigongwa ubongo ukatikisika, anatakiwa atoke na asirudi siku hiyo, na kumkaba mwenzako juu ya mabega ni kosa la kuadhibiwa. Kwenye Kombe la Dunia la 2025 wachezaji walivaa kinga za meno zenye taa inayowaka nyekundu kipigo kikizidi. Kwa hiyo mzazi anayeuliza "kocha wenu anajua huduma ya kwanza?" anauliza swali la maana. Lile la nani atamuoa halizuii hata mchubuko mmoja.

Sasa hili la kuchekwa. Katika kusaka nafasi ya Olimpiki ya Rio, wanawake wa Afrika Kusini ndio walioongoza Afrika, Kenya ikawa ya pili. Kamati ya Olimpiki ya Afrika Kusini ikakataa kuwapeleka, ikisema kushinda bara peke yake hakutoshi. Nafasi ikaangukia kwa Kenya, na Lionesses wakaenda Rio 2016, wakamaliza wa 11 kati ya timu 12. Mambo yakajirudia vilevile kwa Olimpiki ya Tokyo. Paris 2024 Afrika Kusini ikaenda yenyewe. Mimi nikifikiria wale dada walioshinda uwanjani wakaambiwa na wakubwa wa kwao wabaki nyumbani, naona vicheko vya ofisini ni kitu kidogo sana.

Na hapa kwetu tumeshaona vicheko vinavyokauka. Aprili 2023 wasichana wa shule ya Fountain Gate ya hapahapa Dodoma walikwenda Durban wakachukua ubingwa wa soka wa shule za Afrika, fainali wakawafunga Wamorocco 3-0, wakarudi na zawadi ya dola 300,000. Ghafla mji mzima ukawa mjomba wao!

Raga hapa bado haijashika hivyo. Lakini hata huko ilikoshika, wanawake waliingia kwa kujichangisha. Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, Wales mwaka 1991, wachezaji wa Urusi ya zamani, yaani Umoja wa Kisovyeti, walibeba vodka na midoli wauze wapate hela ya kujikimu. Mwaka 2025 timu ya Kanada nayo ilipitisha bakuli kwa wananchi, na ikafika fainali pale Twickenham mbele ya watu 81,885, ikafungwa na Uingereza 33-13.

Mwisho nilimuuliza kijana: "Umeshawahi kumwona akicheza?" Akasema hapana. Nikamwambia Nairobi basi zinakwenda. Mpaka naandika hapa hajasema atakwenda, na hajasema hatakwenda. Binti yeye alimjibu kwa maneno mawili tu, "Nimekusikia, baba," akapakia begi lake na kurudi chuoni. Washenga hawajaitwa, wala hawajakatazwa.

Kumbe upande wetu kamati ya sendofu ilishaanza vikao kabla hata ng'ombe hawajahesabiwa. Unatujua tena! Ukumbi, mapambo, sare, keki, mpiga picha, kila kitu na bei yake. Nikaomba karatasi, nikaandika chini kabisa: viatu vya raga, kinga ya meno, bima ya afya ya mwaka mzima. Vyote kwa pamoja havifiki hata bei ya mapambo. Kaka yangu alikohoa. Wifi, ambaye ndiye mhazini, aliivuta ile karatasi, akavaa miwani, akasoma polepole kuanzia juu. Alipofika kwenye kinga ya meno akaniuliza inauzwa duka gani.