Doa Lipo Wapi?

Kunguru anayenyakua utumbo wa samaki mbele ya wachuuzi wa soko la Feri, Dar es Salaam, si mwenyeji. Asili yake ni India na nchi za jirani. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kusafisha taka, kisha akaenea bara, akazagaa Dar es Salaam na Mombasa, akila mayai na makinda ya ndege wengine. Mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru hawa kwa idadi ya milioni 1.

Mwenyeji naye yupo, ingawa mijini ameshasukumwa pembeni. Mtu akiulizwa rangi, atasema wote wawili ni weusi. Akiulizwa doa lipo wapi, wanatengana papo hapo: mwenyeji ana weupe safi kifuani unaozunguka hadi nyuma ya shingo, na mgeni ana ukijivu shingoni na kifuani, huku uso, koo na mabawa yakiwa meusi.

Swali hilo la mahali ndilo lililobadilisha utambuzi wa ndege duniani. Katika karne ya 19, mtaalamu aliyetaka uhakika alimpiga ndege risasi, akamkagua mkononi. Mwaka 1934 Mmarekani Roger Tory Peterson alichapisha kitabu chenye michoro rahisi, na kwenye michoro hiyo akaweka vistari vinavyoelekeza jicho kwenye alama inayomtofautisha ndege mmoja na mwenziwe: mchirizi juu ya jicho, mstari bawani, weupe pembeni mwa mkia. Nakala 2,000 za kwanza ziliisha upesi, na hadi leo vitabu vingi vya ndege hufuata njia hiyo.

Sababu ni kwamba rangi peke yake ina hila. Chukua kweleakwelea, ndege mdogo anayewatoa jasho wakulima wa mpunga, mtama na ngano. Kila mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, na huja kwa makundi makubwa mno. Msimu wa kuzaliana, dume huvaa uso mweusi na mdomo mwekundu. Lakini si madume yote. Baadhi uso wao ni mweupe. Majike nao, mdomo wao ambao huwa mwekundu hugeuka wa njano msimu huohuo. Msimu ukipita, uso mweusi hutoweka na dume hubaki na kahawia ya michirizi inayomfanya afanane na shomoro. Anayetafuta “yule mwenye uso mweusi” atawakosa wengi waliomo shambani mwake.

Chozi, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda anayefyonza maji matamu ya maua, ana hila nyingine. Kijani chake king’aacho hutokana na umbile la ndani ya manyoya, ambalo huvunja mwanga na kuurudisha kwa rangi fulani. Akiingia kivulini, kijani chote huzimika, naye huonekana mweusi. Ndiyo maana aliye na kifua chekundu hutambulika kwa urahisi zaidi: wekundu huo hautegemei sana jua limempigia upande gani.

Kwa nondo kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa rangi yake inapukutika. Ule unga unaobaki kidoleni mtu akimshika ni magamba madogo yaliyopangwa juu ya bawa, na michoro yote imo humo. Nondo aliyeruka siku nyingi huwa amechujuka, lakini madoa makubwa huacha athari mahali pake.

Ujuzi huu una faida kubwa kwenye mahindi. Kiwavijeshi vamizi, mdudu wa asili ya Amerika, alithibitishwa Afrika magharibi na kati mwanzoni mwa 2016, na kufikia 2017 alikuwa Kenya na Tanzania. Kiwavi aliyekomaa hutambulika kwa alama mbili: mchoro mweupe wa Y iliyopinduliwa kichwani, na vidoa vinne vyeusi vilivyopangwa mraba karibu na mkia. Shida ni kwamba alama hizo hazionekani vizuri angali mdogo, na zinapokolea huwa ameshajichimbia katikati ya mhindi, kwenye majani machanga yaliyojikunja, mahali ambapo dawa haimfikii vizuri.

Kwa hiyo maofisa ugani humwangalia kwanza nondo, mzazi wa kiwavi huyo. Shambani hutundikwa mtego wenye chambo kinachoiga harufu ya jike, na madume huingia usiku. Asubuhi humwagwa kwenye karatasi, kwani mtego hunasa pia nondo wa aina nyingine, tena wengi wao kahawia vilevile. Dume wa kiwavijeshi vamizi ana baka jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele, na bawa la nyuma ni jeupe lenye ukingo mwembamba wa giza. Wenye alama hizo ndio huhesabiwa. Mayai yanayotagwa wakati wa joto huanguliwa ndani ya siku chache tu, na mkulima anayezipata hesabu hizo mapema huanza kukagua majani kabla viwavi hawajajificha.