Ukuta wa kifo nyuma ya nyumba: fizikia yake, na kwa nini wazee wa Ayalandi bado wanautamani

Mwaka 1986 ilitoka filamu moja ya Kiayalandi inayoitwa Eat the Peach, iliyoongozwa na Peter Ormrod. Wanaume wawili wa kijijini, Vinnie na Arthur, wanapoteza kazi baada ya kiwanda kufungwa. Wakiwa hawana la kufanya, wanatazama Roustabout, filamu ya Elvis Presley ya mwaka 1964, na humo wanaona mtu akiendesha pikipiki juu ya ukuta uliosimama wima. Badala ya kuishia kusema "duh, hatari", wanaamua kujenga ukuta wao wenyewe.

Unaweza kudhani ni utunzi tu. Hapana. Filamu hiyo ilichotwa kwenye kisa cha kweli cha watu wa Kaunti ya Longford, katikati ya Ayalandi, waliojenga ukuta kama huo nyumbani kwao. Na mpaka leo, Waayalandi waliokulia mashambani wakikumbuka maonyesho ya pikipiki ya kujitengenezea, macho yao yanang'aa. Sasa swali letu la leo lina sehemu mbili: mtu anawezaje kutembea ukutani na asidondoke? Na kwa nini jambo la hatari namna ile linakumbukwa kwa utamu kiasi hiki?

Twende taratibu.

Pipa kubwa lisilo na mfuniko

Kwa Kiingereza mchezo huu unaitwa jina linalomaanisha "ukuta wa kifo". Ulianzia Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, ukafika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1920, na wasanii wa maonyesho ya kuhamahama wakauzungusha sehemu nyingi. Picha yake ni rahisi: fikiria pipa la mbao lenye kipenyo cha mita 10 hivi na kimo cha mita 4 au 5. Watazamaji wanasimama juu, kwenye ukingo, wanachungulia ndani. Mwendeshaji yuko chini. Anawasha pikipiki, anazunguka sakafuni, anapanda kwenye mbao za mwinamo zinazounganisha sakafu na ukuta, kisha, ghafla, yuko ukutani, amelala karibu sambamba na ardhi.

Anayemshika ni nani?

Umewahi kupanda daladala ikakata kona kwa kasi? Mwili wako unataka kuendelea moja kwa moja, lakini ubavu wa gari unakusukuma uingie kwenye kona. Wewe unahisi kama umetupwa nje. Ukweli ni kwamba gari ndilo linalokusukuma ndani. Kwenye ukuta wa kifo, kona haina mwisho. Kila sekunde pikipiki inataka kwenda moja kwa moja, na kila sekunde ukuta unaisukuma irudi kwenye duara. Kadiri kasi inavyoongezeka, ndivyo ukuta na tairi vinavyobanana zaidi.

Kubanana huko ndiko kunakoleta msuguano. Dunia inavuta pikipiki kwenda chini, msuguano unaizuia isiteleze. Msuguano ukitosha, mtu anabaki juu. Usipotosha, anashuka, na anashuka vibaya.

Hebu tupige hesabu kidogo. Kasi ya chini kabisa inapatikana hivi: chukua mvuto wa dunia (9.8), zidisha kwa nusu kipenyo cha duara, gawanya kwa kiwango cha msuguano, kisha tafuta kipeuo cha pili. Tukichukua nusu kipenyo cha mita 5 na msuguano wa 0.8, ambao ni makadirio ya kawaida kwa mpira na mbao kavu, tunapata mita 7.8 kwa sekunde. Hiyo ni kama kilomita 28 kwa saa. Yaani mwendo wa bodaboda ikiwa kwenye foleni! Lakini mbao zikilowa, au mafuta yakimwagika, msuguano unashuka. Ukiwa 0.4, unahitaji karibu kilomita 40 kwa saa. Na Ayalandi, kama unavyojua, si nchi ya ukame.

Tazama kitu kimoja kwenye hesabu hiyo: uzito haumo. Mnene na mwembamba wanahitaji kasi ileile. Ndiyo maana mwendeshaji anaweza kubeba abiria kwenye pikipiki bila kubadili kasi ya chini inayohitajika.

Ukuta nao una mzigo wake

Hapa ndipo wengi tunapopitiliza. Tunamtazama mwendeshaji, tunausahau ukuta.

Kwa usalama, hakuna anayekwenda kwa kasi ya chini kabisa. Tuseme anakwenda kilomita 48 kwa saa. Kwenye duara letu la nusu kipenyo cha mita 5, nguvu ya kubanana inafikia kama mara 3.6 ya uzito. Mtu wa kilo 75 anajihisi kama ana kilo 280 hivi. Damu inakimbilia miguuni, shingo inaelemewa, na asiyezoea anaweza kuanza kuona ukungu machoni. Kizunguzungu nacho kinakusubiri.

Sasa hamia upande wa mbao. Pikipiki ya kilo 150 pamoja na mtu huyo wa kilo 75 inabana ukuta kama mzigo wa kilo 800 na zaidi. Mzigo huo hautulii: unazunguka na kurudi palepale kila baada ya sekunde 2.4. Kila ubao unapigwa, unaachiwa, unapigwa tena. Misumari inalegea, bolti zinajifungua. Ndiyo sababu ukuta wa aina hii unazungushiwa nyaya nene za chuma kwa nje, kama pete za pipa, ili ubao mmoja ukisukumwa, mbao zote zisaidiane kuushika.

Sasa mfikirie mtu anayejenga kitu hicho kijijini, bila kiwanda. Anahitaji seremala anayejua kukata mbao zilingane. Anahitaji fundi wa kuchomelea. Anahitaji mwenye trekta, na jirani wa kushika ngazi. Anahitaji mtu mmoja mwenye akili timamu wa kuuliza, "Mna uhakika?" Ukuta mmoja unaweza kumeza nguvu za kijiji kizima kabla pikipiki haijawashwa.

Kwa nini unakumbukwa kwa utamu?

Mwaka 1688 mwanafunzi wa tiba aitwaye Johannes Hofer, kule Basel, aliunda neno nostaljia kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: kurudi nyumbani, na maumivu. Kwake huo ulikuwa ugonjwa, uliowapata Waswisi waliokuwa mbali na kwao. Leo watafiti wanaona tofauti. Constantine Sedikides na Tim Wildschut wa Chuo Kikuu cha Southampton, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 2006 tafiti zilizoonyesha kwamba kumbukumbu za nostaljia mara nyingi zina watu wa karibu ndani yake, na kwamba watu waliofanywa wajihisi wapweke waliingiwa na nostaljia zaidi. Kwa hiyo hamu ya zamani inafanya kazi kama blanketi: unaivuta unapohisi baridi.

Kuna mambo mengine mawili. La kwanza, watu wazima wakiulizwa kumbukumbu zao, nyingi hutoka umri wa kati ya miaka 10 na 30. La pili, hisia mbaya za tukio kwa kawaida hufifia haraka kuliko nzuri. Weka hayo pamoja na kijana wa mashambani aliyechungulia ndani ya pipa lile, akasikia mbao zikitetemeka na kunusa moshi, huku jirani zake wote wamemzunguka. Kumbukumbu ya namna hiyo haitoki kirahisi.

Lakini kumbuka ni nini kinachofifia. Katikati ya miaka ya 1980, takribani mtu 1 kati ya 6 katika nguvu kazi ya Ayalandi hakuwa na ajira. Vijana walikuwa wanapanda meli na ndege kwenda Uingereza na Marekani, na wengi hawakurudi. Wale wanaume wa kwenye filamu wanajenga ukuta kwa sababu wana mikono yenye ujuzi na hakuna anayeiajiri. Hata fedha wanazitafuta kwenye magendo ya mpakani. Ukiondoa hilo, unabaki na kichekesho cha watu wawili wendawazimu. Ukilirudisha, unaona watu waliokataa kuambiwa kwamba hawana kazi ya kufanya.

Nadhani ndiyo maana anayesema "siku hizi hakuna raha kama zile" anasema nusu ya ukweli. Hatari haikuwa raha. Mfupa uliovunjika uliuma wakati ule kama unavyouma leo, na mama wa mwendeshaji aliyesimama ukingoni huenda hakuwa anapiga makofi. Kinachotamaniwa ni ule ujirani: kwamba mtu akiwa na wazo la ajabu, wengine walikuja na nyundo zao.

Kwa hiyo siku mzee yeyote akikusimulia vituko vya ujana wake, usimwulize tu nani alipanda pikipiki. Mwulize nani alileta mbao, nani alikaza nyaya, na wako wapi sasa. Majibu ya swali la mwisho ndiyo yatakayokuonyesha kwa nini anaikumbuka siku ile.