Grim Fandango: Je, Mchezo wa 1998 Ungali Wafaa?

Wako watu wasemao kwamba mchezo wa kompyuta ni kama gazeti la jana: likiisha kusomwa hufungiwa maandazi. Mchezo mpya ukitoka, ule wa zamani hutupwa, na atakayeusifu huambiwa kwamba anaulilia ujana wake. Neno hilo lina ukweli ndani yake, wala hatulikatai lote. Kitabu cha miaka mia chafunguliwa kwa vidole vile vile vilivyokifungua hapo zamani. Lakini mchezo hutaka mashine, na mashine huzeeka upesi kuliko wino. Tena mchezo huendeshwa kwa mkono, na mkono una mazoea yake. Basi swali letu ni hili: kazi iliyofanywa na watu wengi kwa akili nyingi, yaweza kudumu ikiwa imewekwa ndani ya chombo chepesi kuchakaa namna hii?

Twachukua mfano mmoja tu, mchezo uitwao Grim Fandango, uliotolewa mwezi wa Oktoba 1998 na kampuni ya LucasArts ya California. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Tim Schafer. Hatukuuchagua kwa kuwa uliuzwa sana, maana sokoni haukufikia matumaini ya wenyewe, ingawa wahakiki waliusifu mno. Twauchagua kwa sababu kiini chake ni mambo ya kazi: ofisi, deni, tiketi, kadi ya chama cha wafanyakazi, na mgomo.

Habari zake ni hizi. Mtu akifa hufika katika Nchi ya Wafu, na kila mkazi wa huko ni mifupa mitupu iliyovaa nguo, kwa mfano wa vinyago wanavyotengeneza watu wa Meksiko kwa ajili ya Siku ya Wafu. Kutoka hapo mpaka kwenye pumziko la milele ni safari ya miaka minne. Aliyeishi maisha mema hupewa tiketi ya garimoshi liitwalo Namba Tisa, naye hufika kwa dakika nne. Asiyestahili kitu hupewa fimbo yenye dira mpinini, ashike njia kwa miguu. Manuel Calavera, aitwaye Manny, ni karani katika Idara ya Mauti, na kazi yake ni kuuza safari hizo. Yeye mwenyewe hana ruhusa ya kuondoka, kwa kuwa ana deni la makosa aliyoyatenda alipokuwa hai, na deni hilo hulipwa kwa jasho. Siku moja anampokea Mercedes Colomar, mwanamke aliyeishi bila lawama. Walakini mashine yasema kwamba hana tiketi, naye anakwenda zake kwa miguu. Ndipo Manny anapotambua kwamba wakubwa wanaiba tiketi za watu wema. Mkuu wa wezi hao, Hector LeMans, amezificha zilizo halali kwa faida yake, huku akiwauzia matajiri tiketi za bandia.

Aliyepata kusimama dirishani pa ofisi akaambiwa kwamba jina lake halimo daftarini atamwelewa mwanamke huyu bila mkalimani. Hilo halijazeeka hata kidogo.

Mchezo umegawanywa katika miaka minne, na mwaka wa pili ndio ulio bora. Manny yuko Rubacava, mji wa bandari wenye ukungu, naye sasa ni mwenye klabu na meza za kamari. Anataka kupanda meli iitwayo S.S. Lambada ili amfuate Mercedes. Kwa hiyo yampasa kupata kadi ya chama cha mabaharia, naye aipata ya kughushi. Na tena rafiki yake Glottis, yule jitu dereva, apate vifaa vya kazi ya melini. Vifaa hivyo wanavyo nyuki wa bandarini, vibarua wenye mabawa, ambao hawana sababu ya kumpa mtu. Manny afanyeje? Anachukua kitabu cha mapinduzi kutoka kwa wanafasihi wavivu wa klabu nyingine, wasemao habari za umma usiku kucha bila kuinua hata gunia moja, akawapelekea nyuki. Nyuki wakaamka. Kiongozi wao, Terry, akatiwa ndani na polisi, na ikabidi atafutwe wakili wa kumtoa.

Tumekifikiri kisa hiki sana. Je, ni dhihaka kwa wafanyakazi? Wenzetu wengine wameona hivyo, na hatuwalaumu, kwa maana Manny hakuupeleka ujumbe ule kwa imani. Aliupeleka kwa haja yake mwenyewe. Lakini tazameni waliochekwa ni nani. Hawakuchekwa nyuki, ambao madai yao ni ya haki na mshikamano wao ni wa kweli. Wamechekwa wale wenye kitabu wasiotoka kitini, na amechekwa Manny, tajiri mdogo anayewasha moto asioutaka umuunguze. Tumekwisha kuwaona watu wa namna hiyo katika vyama vingi vya dunia. Baadaye mchezo wenyewe wamwadhibu Manny: katika mwaka wa tatu anafikishwa kwenye mgodi wa matumbawe, kwenye ukingo wa dunia, ambako roho zilizoporwa tiketi zafanyishwa kazi kwa nguvu, watoto wadogo wawili wakiwamo. Huko hakuna mzaha wa klabu.

Kuhusu ufundi, kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Wahusika wa michezo mingi ya 1998 walichongwa wafanane na watu halisi, na leo nyuso zao zatia huruma, kama magogo yaliyopakwa rangi. Mafundi wa mchezo huu walijua mipaka ya mashine zao, wakachagua mafuvu, ambayo macho na midomo yake ni michoro tu. Kwa hiyo hakuna kilichopungua. Majumba nayo yalichorwa kwa kuchanganya mahekalu ya kale ya Meksiko na majengo ya mjini ya miaka ya 1930, na sura za senema nyeusi za Marekani za wakati wa vita zimo tele. Muziki wa Peter McConnell, wenye jazi na ngoma za Kimeksiko, wasikilizwa hata pasipo mchezo.

Tena, maagizo ya mchezo yaliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Lua, yaani mwezi kwa Kireno. Lugha hiyo ilitungwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, baada ya miaka ambayo vizuizi vya biashara vya Brazili viliwafanya wataalamu wa huko wajitengenezee vyombo vyao. Ndiyo kusema kwamba kampuni ya California ilikopa chombo kutoka Kusini, na baadaye michezo mingi mikubwa ikafuata njia hiyo.

Sasa twende kwenye ubovu, maana upo. Katika toleo la asili Manny huendeshwa kama trekta: kitufe kimoja cha kumgeuza, kingine cha kumsogeza, naye hugonga ukuta mara kwa mara. Vitu alivyo navyo huvitoa kotini kimoja kimoja, nawe wangoja. Mafumbo mengine ni ya ukatili mtupu. Kuna msitu wenye kibao cha njia ambacho lazima kichomekwe ardhini upya kila hatua. Kuna lifti ambayo yatakiwa ikwamishwe katikati kwa gari la kupakia mizigo, wala mchezo hausemi lolote la kukuongoza. Mtu aliyetoka zamu ya mchana, amechoka, hana wajibu wa kuvumilia hayo. Mwaka wa nne nao umekwenda mbio mno, kana kwamba waandishi walikuwa wakisikia honi ya kufunga kazi. Na Kiswahili hakimo. Utani mwingi umo katika maneno, kwa hiyo asiyesikia Kiingereza vema atapoteza nusu ya karamu.

Zaidi ya hayo, mchezo ulikaribia kupotea kabisa. Kompyuta zilipoongezeka kasi, toleo la 1998 likaanza kukwama. LucasArts ikanunuliwa na Disney mwaka 2012, na mwaka 2013 karakana yake ya michezo ikafungwa. Schafer, aliyekwisha kuanzisha kampuni yake ya Double Fine mwaka 2000, alipata ruhusa ya kuufufua, na toleo jipya likatoka Januari 2015. Muziki ulipigwa upya na okestra ya Melbourne, wahusika wakatiwa mwanga mpya, na mwendo ule wa trekta ukapatiwa badala yake. Mafumbo hayakuguswa hata moja. Twaona wangaliweza kuweka msaada mdogo kwa anayeutaka.

Jibu letu basi ni kwamba hadithi, picha na sauti zingali imara, bali mikono ndiyo iliyozeeka, na hiyo imetibiwa kwa sehemu. Anayetaka kujaribu achukue toleo la 2015, ambalo lilitolewa pia kwa simu mwaka huo huo. Ni afadhali kuucheza watu wawili watatu, mmoja ameshika chombo na wengine wakibahatisha, na daftari kando la kuandika nani alisema nini. Na wakikwama kwenye ile lifti zaidi ya jioni moja, wamwulize aliyekwisha kupita, waendelee na safari ya Rubacava.