Tani moja ya hewa ya ukaa ni miti mingapi?

Mwenye hekta mbili ng'ambo ya Alunguli, hapa Kindu, akisikia kwamba Ulaya kuna wanaolipia miti iliyosimama, huuliza kwanza: wanalipa kiasi gani? Tuhesabu. Mpimaji huzungusha utepe kwenye shina, mita 1.30 kutoka ardhini, kisha hutafuta uzito kwenye jedwali la aina ile ya mti. Tuseme akasia yako ina kilo 100 za mti mkavu. Karibu nusu ni kaboni. Kaboni hiyo ilipokuwa hewani ilishikana na oksijeni, kwa hiyo zidisha nusu hiyo kwa 3.67: unapata kilo 180 hivi za hewa ya ukaa. Cheti kimoja cha kaboni ni tani nzima, yaani miti mitano au sita kama huo. Tukikadiria dola 10 kwa cheti, mti uliokuzwa kwa miaka umekuletea chini ya dola mbili, na bado hujamlipa mpimaji, mkaguzi wala dalali.

Mkaguzi akija kuangalia hekta 2 au hekta 2,000, tiketi yake ya ndege hadi Kindu ni ile ile. Ndiyo sababu familia haiuzi peke yake. Mpango wa TIST, ulioanzia Tanzania mwaka 1999, huwaunganisha wakulima katika vikundi vidogo na kupima miti yao kwa pamoja.

Hapa kwetu Kongo mfano wa kuangalia uko uwanda wa Batéké, karibu na Kinshasa. Huko, Mampu ilipandwa akasia hekta 8,000 hivi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha ikagawanywa kwa familia zaidi ya 300, kila moja hekta 25. Miti ikifika miaka minane au kumi hukatwa kuwa makaa. Moto hupitishwa, mbegu zilizolala udongoni huamka, na muhogo na mahindi hupandwa katikati ya miche michanga. Asali nayo ipo. Familia hizo zinaishi kwa vitu hivyo. Jirani yao, Ibi, kampuni ya Novacel ya familia ya Mushiete iliusajili mradi wake wa akasia mwaka 2011 katika utaratibu wa Umoja wa Mataifa ili uuze kaboni. Mimi ningejifunza kilimo kwa Mampu kwanza. Ya Ibi yafuate baadaye.

Lakini Batéké ni mbuga ya nyasi, na kwetu Maniema sehemu kubwa ni msitu. Soko halimlipi aliyefyeka msitu apande akasia. Kwa kawaida ardhi iwe imekaa bila msitu miaka 10 au zaidi. Kwetu hiyo ni mashamba yaliyochoka na vipande vya nyasi. Hata hapo kuna mtego: ukijaza miti kwenye shamba la muhogo, halafu mama wa nyumbani akafungue shamba jipya msituni upande wa Kailo, moshi wa siku ile utazidi kile ambacho miche yako itashika kwa miaka mingi. Mkaguzi makini hulikata hilo kwenye hesabu. Na ukikata miti kwa makaa, hulipwi kwa mti ulivyokuwa mkubwa kabla ya panga. Unalipwa kwa wastani wa mzunguko mzima.

Kuna jambo la ardhi ambalo wauzaji wa ndoto hulipita haraka. Tangu sheria ya 1973 ardhi yote ni ya Serikali, na shamba ulilopewa na chifu halina hati. Amri ya 2 Agosti 2014 inairuhusu jamii kuomba msitu wake, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda. Anayeomba ni jamii, si familia; shamba la familia linabaki bila hati. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi mkataba wa miaka 20 au 30, mwulize aliyeuleta: baba akifariki mwaka wa nane, malipo ya mwaka wa tisa anayapokea mjane, watoto, au ndugu wa marehemu? Jina la mke liandikwe mkatabani tangu siku ya kwanza, mbele ya chifu.