Sarafu zenye kasoro: Namna ya kutambua za kweli na zilizochezewa

KATIKA biashara ya sarafu za kale, kasoro inaweza kugeuka mali. Mwaka 2010, sarafu ya senti moja ya Marekani ya mwaka 1943 iliuzwa kwa dola milioni 1.7, kwa sababu ilitengenezwa kwa shaba ilhali senti za mwaka huo zilipaswa kuwa za feleji. Bei za namna hiyo ndizo zinazowavutia walaghai, na mnunuzi asiye makini anaweza kulipa fedha nyingi kwa sarafu iliyochezewa.

Kosa la kweli hutokea ndani ya kiwanda. Kila sarafu huanza kama kisahani kitupu cha madini, kisha hugandamizwa kwa nguvu kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu. Kosa linaweza kuwamo katika kisahani, katika muhuri au katika kule kugandamizwa. Yanayoipata sarafu baada ya kutoka kiwandani, yawe ya nyundo, tupa au tindikali, ni uharibifu tu.

Senti ya 1943 ni mfano mzuri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, shaba ilihitajika kwa ajili ya zana za kivita, hivyo Marekani ikatengeneza senti za feleji iliyopakwa zinki. Hata hivyo, visahani vichache vya shaba vilivyosalia vilipita mashinani, zikatoka senti chache mno ambazo sasa zinatafutwa sana.

Walaghai huziiga kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuipaka shaba senti ya feleji. Hila hii hufichuliwa na sumaku, kwani feleji hunasa na shaba hainasi. Mizani nayo husaidia: senti ya shaba ina uzito wa gramu 3.11, na ya feleji takriban gramu 2.7.

Njia ya pili ni kuchukua senti ya shaba ya mwaka 1948 na kuikwangua tarakimu 8 ili ionekane 3. Hapa sumaku na mizani havisaidii, kwa kuwa shaba ni ya kweli. Kinachotakiwa ni lenzi. Katika senti halisi ya 1943, mkia wa tarakimu 3 hushuka chini kuliko tarakimu nyingine. 8 iliyokatwa haina mkia huo, na mara nyingi huacha mikwaruzo pembeni.

Kanuni ni moja kwa sarafu zote: mnunuzi ajiulize ni hatua ipi ya kiwandani ingeweza kuleta kasoro anayoiona. Akikosa jibu, asitoe fedha. Akilipata, bado aipeleke sarafu kwa mtaalamu asiye na maslahi katika mauzo hayo, wala asiisafishe, kwani kuisafisha ni kuishusha thamani.