Ukirejea kutoka kisiwani, mwambie daktari ulikokuwa

Miaka kadhaa iliyopita, mgonjwa wangu mmoja, mhasibu wa makamo, alinipigia simu jioni. Alikuwa na homa, kichwa kilimgonga na viungo vyote vilimuuma. Ulikuwa mwezi wa Julai, Nairobi ilikuwa na baridi kali na nusu ya mji ilikuwa ikikohoa. Nilimwambia anywe maji mengi, ameze paracetamol na kupumzika. Kuna swali moja ambalo sikumuuliza: "Umetoka wapi?"

Lau ningalimuuliza, angalinieleza kwamba majuma mawili hivi kabla ya hapo yeye na mkewe walikuwa katika hoteli ya kifahari kwenye kisiwa kimoja cha Pwani, wakisherehekea miaka 10 ya ndoa yao. Siku ya tatu mkewe alimleta hospitalini akiwa hajui ni siku gani. Damu yake ilikuwa imejaa vijidudu vya malaria. Alitiwa dawa mshipani, akalazwa siku 9, na figo zake nusura zishindwe kufanya kazi. Alipona, lakini tangu siku hiyo simpokei mtu mwenye homa bila kumuuliza swali hilo. Nakuandikia leo, msomaji, ili hata daktari wako akisahau kuuliza, wewe umwambie.

Mbu hahesabu nyota za hoteli

Watu wengi huniambia, "Daktari, tulilala mahali pazuri, hapakuwa na mbu." Chumba huenda kilikuwa na chandarua na mashine ya kupoza hewa. Lakini je, chakula cha jioni ulikilia wapi? Katika hoteli hizi meza huandaliwa mchangani, taa zikiwa hafifu, na wageni wameketi miguu wazi. Mbu jike wa anofelesi, aenezaye malaria, huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Kwa hivyo saa zile unazozilipia pesa nyingi ndizo saa zake za kazi.

Mkazi wa Nairobi yumo hatarini kuliko anavyodhani. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu ya baridi malaria haienezwi hapa kwa urahisi. Mwili wetu basi haujazoea kupigana nayo. Hata wewe uliyezaliwa Kilifi au Kisumu, ukikaa Nairobi miaka mingi kinga uliyokuwa nayo utotoni hupungua sana. Watoto wako waliozaliwa mjini hawana kinga hiyo kabisa.

Ni kweli kwamba malaria imepungua sana katika visiwa vya Unguja na Pemba. Hata hivyo haijatoweka. Jua linapotua, vaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu, jipake dawa ya kufukuza mbu miguuni na mikononi, na ulale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa.

Zipo pia tembe za kukinga malaria. Doksisaiklini huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, humezwa kila siku, na huendelea kwa majuma manne baada ya kurejea. Haiwafai wajawazito wala watoto wa chini ya miaka 8, tena huifanya ngozi iungue upesi juani. Nyingine, iliyo mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili, huachwa siku 7 baada ya kurejea. Muone daktari akuchagulie. Usinunue kwa kubahatisha. Mama mjamzito namshauri asiende penye malaria ikiwa safari inaweza kungoja.

Homa baada ya likizo

Kwa kawaida malaria huanza siku 10 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine huchelewa zaidi. Hapo mchanga umekwisha kung'utwa kwenye viatu na likizo imesahauliwa. Ukipata homa katika miezi mitatu baada ya safari, nenda upimwe damu siku hiyo hiyo, hata kama ulimeza tembe za kinga. Kipimo cha kwanza kikikosa kuonyesha kitu na homa iendelee, rudi upimwe tena. Kuhara na kutapika kusikudanganye kwamba ni chakula tu. Malaria huja na dalili hizo pia.

Pwani kuna pia homa ya dengi, ambayo ilizuka Mombasa mwaka wa 2017 na tena 2021. Mbu wake huuma mchana. Kabla ya kupimwa, tumia paracetamol kutuliza homa, wala usimeze aspirini au ibuprofeni, kwani zinaweza kuzidisha hatari ya kutokwa na damu.

Jua na bahari

Epuka kulala juani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Ngozi nyeusi nayo huungua, ijapokuwa wekundu wake hauonekani upesi. Kunywa maji kabla ya kiu kukushika. Bia haihesabiwi kuwa maji, na aliyekunywa asiingie baharini.

Watoto wasiache kuangaliwa hata dakika moja wakiwa karibu na kidimbwi cha kuogelea. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mtu mzima mmoja ateuliwe kuwaangalia, na simu aiweke kando. Mkivuka kwa boti, kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha.

Maji yanapokupwa na ukitaka kutembea penye miamba, vaa viatu. Ukichomwa na mwiba wa taa au wa samaki yule anayefanana na jiwe, tumbukiza mguu katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, kisha utafute daktari. Na ukizamia kwa mtungi wa hewa, usipande ndege kabla ya saa 18 kupita, la sivyo viputo vya hewa vinaweza kukuletea madhara makubwa mwilini.

Kabla ya kufunga mzigo

Wenye ugonjwa wa sukari au shinikizo la damu wabebe dawa za siku zote pamoja na za akiba, ndani ya mkoba wa mkononi. Insulini ikingwe na joto, lakini isigandishwe. Anayekwenda Unguja ahakikishe ana cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo hudungwa angalau siku 10 kabla ya safari, na moja yatosha maisha yote.

Mwisho, unapoulizia bei ya chumba, uliza pia: mtu akiugua usiku wa manane, atafikishwaje kwa daktari? Kisiwani njia ya kwenda hospitali huenda ikawa boti, na maji yakiwa yamekupwa huenda boti isifike ufuoni. Hoteli iliyojiandaa itakujibu bila kusitasita.

Yule mhasibu na mkewe walirudi kisiwani mwaka uliofuata. Safari hiyo walipitia kwangu kwanza kuchukua tembe. Waliporejea alinipigia simu, hana homa wala nini, akasema, "Daktari, nakuambia mapema: tumetoka kisiwani." Nawe fanya vivyo hivyo.